Aparei mpya ya foto: lazima au tamaa?



Siku moja ya Mungu, baada ya Misa ya pili, mpiga-foto wa parokia yetu alitufuata chini ya mwembe ambapo tumezoea kukaa. Ninyi mlio hapa Katanga mnamjua mtu wa namna hii, hata kama hammjui yeye mwenyewe. Ndiye kijana mwenye mkoba begani, anayemtangulia bibi-arusi mlangoni mwa kanisa akienda kinyumenyume, anayepanda juu ya benchi siku ya Komunyo ya kwanza, anayeinama karibu na kaburi ili apate nyuso za wafiwa. Alitusalimu, kisha akasema: "Wazee wangu, nina aparei ya foto ambayo bado inafanya kazi. Nataka kuiuza ninunue nyingine iliyo bora. Je, ninatenda dhambi?"

Kwanza tulicheka. Kisha tulimtazama usoni tukaona hachezi. Mtu akiuliza swali kama hilo, amekwisha kujijibu nusu, na nusu nyingine inamsumbua usiku. Tulimwambia akae, tukazungumza naye mpaka jua likawa kali. Haya tunayoandika ni yale tuliyosema siku ile, pamoja na mengine tuliyoyafikiri baadaye nyumbani.

Tulianza kwa kumwuliza juu ya kazi yake, kwa maana anayepima haja ya mwenzake bila kuijua kazi yake anahukumu kama kipofu. Kamera yake ni Sony A6000, ya namna iliyotoka mwaka 2014, naye aliinunua ikiwa imekwisha kutumika na mtu mwingine. Ni moja ya zile kamera ndogo zisizo na kioo. Katika kamera kubwa za zamani mna kioo kidogo kinachopeleka sura ya kitu kwenye jicho la mpiga-foto. Akibonyeza, kioo kinaruka juu na nuru inapita. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa Lumix G1, ambamo kioo kile kiliondolewa, na mpiga-foto anatazama kiwambo kidogo tu, kama kile cha telefone. Ndiyo maana kamera hizi ni nyembamba na nyepesi. Kijana wetu anabeba yake kutwa nzima, toka nyumbani kwa wazazi wa bibi-arusi mpaka kanisani, toka kanisani mpaka karamu, asiumwe shingo.

Ile anayoitamani ni ya ukoo ule ule: Sony A6700, iliyotoka mwaka 2023. Wakati huo bei yake kule Marekani ilikuwa karibu dola 1,400, bila lenzi, tena bila gharama ya safari na ushuru mpaka kufika kwetu. "Na inaizidi yako kwa nini?" tulimwuliza. Tulidhani atatuambia habari za zile nukta ambazo wauzaji huzisifu sana. Kumbe siyo. Ya zamani ina nukta milioni 24, mpya ina milioni 26. Katika miaka 9 zimeongezeka mbili tu. Kile kipande cha ndani kinachopokea nuru nacho ni karibu sawa katika zote mbili, milimita 23 na nusu kwa milimita 15 na nusu. Foto ya watoto mbele ya kanisa katika jua la saa nne, hata yeye mwenyewe asingeweza kusema imetoka katika kamera ipi.

Mpya inazidi kwa mambo mengine. Inatuliza mkono unaotetemeka, kwa sababu kipande kile cha nuru kinasogea ndani kikiufuata. Inatambua jicho la mtu na kulishika hata akitembea. Tena inaweza kupiga foto bila sauti hata kidogo.

Hilo la mwisho lilitugusa sisi wote, kwa kuwa A6000 haijui kunyamaza. Wakati wa Mageuzo, Padri anapoinua Hostia na kengele inapolia, sisi tuliopiga magoti tunasikia pembeni: tak, tak, tak. Wazee wamenung'unika. Padri amesema mara mbili juu ya altare. Basi kijana alisema, "Mnaona? Nikipata kamera ya kimya, sitawasumbua tena." Sababu hiyo ni nzuri masikioni, na sisi tulikuwa karibu kuipokea.

Lakini kati yetu kuna mzee aliyekuwa katekista muda mrefu. Alimwuliza polepole: "Mwanangu, wakati ule wa Mageuzo wewe uko wapi?"

"Niko nyuma ya kamera, baba."

"Unapiga magoti?"

Kijana alinyamaza. Kisha alitueleza jambo ambalo hatukulitazamia. Miaka mitatu sasa, tangu alipoanza kazi hii, hajakosa siku ya Mungu hata moja, tena siku za posho yuko kanisani kwa ajili ya ndoa. Lakini Misa hajaisikia. Ana foto zaidi ya mia moja za Hostia ikiinuliwa, na hakumbuki ni lini aliiabudu kwa mara ya mwisho.

Hapo, wasomaji wapendwa, ilitubidi kulitazama upya neno la ukimya. Makelele yale yalikuwa yakitusumbua sisi, ni kweli. Lakini yalikuwa pia yakimshitaki yeye. Kamera ya kimya ingeondoa taabu yetu na kumwachia yake, na baada ya hapo asingepata mtu wa kumwuliza tena. Tulimwambia wazi: kwa wakati ule wa Mageuzo huhitaji kamera mpya, unahitaji kuiweka ile uliyo nayo juu ya benchi. Sisi hatutakosa foto ya Hostia. Tuna mia moja.

Mmoja wetu, aliyependa kumaliza maneno upesi, alisema: "Basi, imekwisha. Kamera si kitu. Moyo ndio unaopiga foto." Msemo huu husemwa sana, nasi tunaukataa. Ni msemo wa watu wasiofanya kazi hiyo. Fikirini jambo lililotokea katika nchi yetu mwaka 1904, wakati wa Mfalme Leopold II. Mwanamke Mwingereza wa misioni ya Waprotestanti, Alice Seeley Harris, alikuwa Baringa pamoja na mume wake. Mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwao akichukua mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama yule alimkalisha barazani akampiga foto: baba ameketi, anatazama vile viungo viwili vilivyolala mbele yake. Foto ile pamoja na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa kwa watu wa Uingereza na Marekani, na wale waliokuwa wakisema habari za Kongo ni uongo walikosa la kusema. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo. Foto si sababu peke yake, lakini ni moja ya sababu.

Moyo alikuwa nao mama yule. Lakini wenye moyo walikuwa wengi. Walikuwa wameandika barua nyingi, na barua zilikuwa zimekanushwa. Kama asingekuwa na kamera mkononi siku ile, Nsala angerudi kwake na mzigo wake na sisi tusingelijua jina lake. Kwa hiyo chombo ni kitu. Tena tuseme na la pili: kamera yake, tukiilinganisha na ile ya kijana wetu, ilikuwa nzito na ya polepole sana, na ilitosha. Swali basi haliwezi kuwa kama chombo kina maana au hakina. Swali ni hili: kinatosha kwa kazi gani?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakujua kamera, lakini alijua watu. Alipoandika juu ya sadaka alisema kwamba neno "lazima" lina maana mbili. Kuna lazima ambayo bila hiyo mtu na watu wa nyumba yake hawawezi kuishi: chakula, nguo, dawa. Kuna pia lazima ambayo bila hiyo mtu anaishi, lakini hawezi kuishi inavyofaa hali yake na kazi yake. Hii ya pili si anasa. Hata sadaka hatulazimishwi kuitoa mpaka tushindwe kuifanya kazi tuliyopewa. Seremala ana haja ya randa. Mshonaji ana haja ya cherehani. Ila Mtakatifu Thoma anaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: mpaka wa lazima hii ya pili si kama ncha ya sindano. Unaweza kuongeza mengi usiwe umeuvuka, na unaweza kupunguza mengi ukabaki bado na ya kutosha.

Uwanja huo mpana ndipo tamaa inapojificha. Haiji ikisema, "Mimi ni tamaa." Inasema, "Mimi ni haja ya kazi." Na kwa kuwa mpaka ni mpana, mara nyingi inasema nusu ya kweli. Kijana huyu alikuwa ametuambia sababu tatu, na kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake.

Basi tulizipima moja moja. Alisema kanisa letu lina giza, madirisha ni madogo, na jioni foto zake zinakuwa na chenga kama mchanga. Ni kweli, tumeziona. Lakini giza linatoka wapi? Tulipomhoji zaidi, tuligundua kwamba shida kubwa si kamera, ni lenzi. Ile aliyo nayo ndiyo iliyokuja pamoja na kamera, na akiivuta mpaka mwisho wake, milimita 50, tundu lake linafika namba 5.6 tu. Kuna lenzi nyingine ya milimita 50 isiyovutika, yenye namba 1.8, inayoingia katika kamera ile ile. Katika hesabu hizo namba ndogo ni tundu kubwa: lenzi ya 1.8 inapitisha nuru karibu mara 10 kuliko ile ya 5.6. Bei yake, hata ikiwa mpya, ni karibu robo tu ya bei ya kamera anayoitamani. Tena kama siku moja atanunua A6700, lenzi hiyo itaingia humo vile vile.

Ina ubaya wake, naye aliujua kuliko sisi. Tundu likiwa wazi hivyo, kama bwana-arusi na bibi-arusi hawakusimama katika mstari mmoja, mmoja ataonekana wazi na mwingine atakuwa kama yuko ndani ya moshi. Itambidi kuwapanga watu vizuri na kujizoeza upya. Lakini ule utulivu wa kamera mpya nao una mpaka: unashika mkono wa mpiga-foto, haushiki miguu ya wacheza ngoma. Mtu akitembea katika giza, dawa yake ni nuru. Hata ule ukimya haukosi kasoro. Chini ya taa fulani za umeme, foto zilizopigwa kimya hutoka na mistari myeusi kutoka upande mpaka upande.

"Kwa nini basi hukutafuta lenzi?" tulimwuliza. Alicheka kwa haya. Alisema kwamba mtu akiwa na lenzi mpya, hakuna anayeona.

Tuliposikia hilo, tulijua tumefika penyewe. Mwezi uliopita, katika ndoa moja, alikuja mpiga-foto mwingine mwenye kamera nene nyeusi, lenzi yake ndefu kama mchi. Shangazi wa bwana-arusi alisema mbele ya watu wote: "Huyu ndiye mwenye aparei ya kweli." Tangu siku ile nyumba mbili zilizokuwa zimeagana na kijana wetu zimemwacha. Hakuna aliyelinganisha foto za hao wawili. Walilinganisha ukubwa wa kamera. Tena jambo la kuchekesha ni kwamba A6700 ni ndogo vile vile. Shangazi hatatishika nayo hata kidogo.

Je, mtu akinunua chombo cha gharama ili watu wamheshimu, ni kosa lake au ni letu? Tunakubali kwamba sehemu kubwa ni yetu. Sisi tunaokodi wapiga-foto tunatazama mkoba kabla ya kutazama kazi, kisha tunashangaa vijana wakikopa ili wanunue mikoba. Hata hivyo hatukumwachilia yeye. Heshima ya kazi ni mali ya kweli, na mfanyakazi anaweza kuitafuta bila dhambi. Lakini heshima inayotegemea macho ya shangazi haina mwisho. Mwaka kesho kutatoka kamera nyingine, na shangazi atakuwa na macho yale yale.

Mnakumbuka katika Injili ya Luka yule tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaazimu kubomoa ghala zake ili ajenge nyingine kubwa zaidi. Tumezoea kusema dhambi yake ni ghala kubwa. Lakini someni tena: mtu yule anasema na nafsi yake tu. Hamwulizi mke, wala ndugu, wala mfanyakazi, wala Mungu. Katika shauri lake lote hamna mtu mwingine. Kijana wetu hakufanya hivyo. Alikuja chini ya mwembe. Kwa hiyo tulimjibu swali lake la kwanza: hapana, kuuza kamera na kununua nyingine si dhambi. Lakini tulitaka kujua ni nani wengine walio katika shauri lake.

Tulipata wawili. Wa kwanza hana jina. Kamera hizi zinatumia betri za litiamu, na nyingi za namna hiyo zina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka katika nchi yetu, na kubwa yake inatoka hapa hapa, upande wa Kolwezi. Ndani ya vifaa vya namna hii mna pia vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa koltani, madini yanayochimbwa kule Rubaya katika Masisi. Hakuna anayeweza kusema kama chembe ya udongo wetu imo katika kamera fulani. Lakini kila mmoja wetu hapa ana ndugu au jirani aliyewahi kushuka katika mashimo yale na kamba na tochi tu, na wengine hawakupanda tena. Marehemu Papa Fransisko aliandika mwaka 2015, katika barua yake Laudato si', juu ya desturi hii ya kutumia vitu na kuvitupa, na Januari 2023 alikuja Kinshasa akawakaripia wazi wanaoipora nchi yetu mali yake. Sisi hatusemi kijana asiponunua, mchimbaji atapumzika. Asingepumzika. Tunasema tu kwamba anayeishi juu ya udongo huu hawezi kusema kamera ni dola 1,400 na yamekwisha. Kuitengeneza iliyopo, kuitumia mpaka ichoke, kununua iliyokwisha kutumika, hayo yako katika mkono wake, nayo hayamwombi mtu yeyote kushuka tena shimoni.

Wa pili ana jina, lakini hatutaliandika. Ni mdogo wake, aliye katika darasa la mwisho la sekondari, anayengoja Mtihani wa Serikali. Katika miaka miwili kijana ameweka akiba ya dola 600. Nusu ya hizo alikuwa ameiahidi kwa minervali ya mdogo wake na malipo ya mtihani. Tulipomwuliza kama katika hesabu ya kamera mpya nusu hiyo imo au haimo, hakujibu upesi. Kisha alisema alikuwa amefikiri kumwomba mdogo wake angoje mwaka mmoja.

Hapa hatukuwa na shaka, na hatukutafuta maneno laini. Ile ni lazima ya kwanza, na mtu hanunui lazima ya pili kwa makuta ya lazima ya kwanza ya ndugu yake. Zaidi ya hayo ilikuwa ahadi. Mtoto amehesabu siku akiitegemea. Kama ingefanyika hivyo, basi swali lake la "je, ninatenda dhambi" lingepata jibu lingine. Alitikisa kichwa. Tulifahamu kwamba jambo hili ndilo lililomleta, na mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

Baada ya hapo alikuwa mwepesi zaidi. Alisema atatafuta lenzi ile iliyokwisha kutumika, na kwamba siku ya Mungu inayofuata ataweka kamera juu ya benchi kengele ikilia, tuone kama kuna atakayemgombeza. Mzee katekista alimwahidi kukaa karibu naye.

Tulikuwa tukisimama kwenda zetu aliposema, bila hasira, kwamba kama watu wote anaowadai wangemlipa, angeweza kununua lenzi leo bila kugusa minervali. Tulishangaa. Tulimwuliza ni watu wa wapi hao. Alifungua mkoba wake akatoa kaye ndogo, akaanza kutusomea: ndoa ya mwezi wa nane, dola 40, matanga ya mwezi wa kumi, dola 20, Komunyo ya kwanza ya mwaka jana, watoto wawili, dola 15. Hakusoma majina. Lakini chini ya mwembe tulikuwa watu watano, na watatu kati yetu tulianza kutazama chini.

Mmoja wetu aliuliza kama zile dola 15 zinaweza kulipwa kwa franka. Alisema ndiyo, kwa bei ya leo.